Kitanda cha Pili Ndani ya Tela

Binti alirudi siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akivuta tela la mizigo nyuma ya pikapu. Alikuwa hajakanyaga uwanja ule kwa miaka kumi na moja. Hakupiga honi. Alizima gari, akashuka, akasimama mlangoni mwa karakana ambamo baba yake alikuwa anapiga randa fremu ya dirisha.

"Shikamoo, fundi."

Mzee Futi aliinua kichwa. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka kiunoni hata akienda msibani. Alimwona mwanamke wa miaka thelathini, nywele fupi, kovu chini ya kidevu, buti za ngozi zilizochubuka vidoleni. Ilimchukua muda kumtambua. Si muda mrefu, lakini binti aliuona.

"Marahaba," alijibu.

"Nina kazi hapo nje. Tela lilikuwa la kusambazia magodoro, bodi yake nzima, halina kutu. Nataka nyuma ikae pikipiki na mbele nilale mimi. Mashindano yanafanyika mbali, na nyumba za wageni zimenichosha. Mara maji hakuna, mara wananiambia pikipiki haiingii chumbani."

"Kwani huwa inaingia chumbani?"

"Yangu inaingia."

Mzee alicheka. Binti hakucheka. Alitoa karatasi aliyoichora kwa kalamu ya risasi, akaiweka juu ya benchi, akaizuia na patasi isipeperuke. "Utaweza?"

"Nitaweza."

"Wiki sita?"

"Wiki sita."

Akachomoa tela kwenye pikapu, akaweka mawe kwenye magurudumu, akaondoka. Nyumbani hakuingia, ingawa ilikuwa hatua ishirini kutoka pale na mama yake alikuwa amesimama kwenye baraza, mikono imejaa povu la sabuni. Walipungiana tu. Walipungiana kama watu walioonana juzi.

Jioni Mzee Futi alimuuliza mkewe, "Ulijua anakuja?"

"Nilijua."

"Tangu lini mnazungumza?"

"Tangu siku aliyoondoka," mkewe alisema, huku akikunja nguo. "Miaka yote hii ulidhani Jumapili mchana nashika simu kuongea na nani? Na kwaya?"

Yaliyotokea miaka kumi na moja nyuma hayakuwa siri mtaani. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa, anauza mafuta kituoni, na alikuwa amejinyima mpaka akanunua pikipiki ya mashindano, kuukuu lakini ina nguvu. Watu walikuwa wanamwita Cheche. Baba mtu alikuwa anaona aibu. Wenzake walikuwa wanamtania kwamba amezaa dume lenye hereni, naye badala ya kuwajibu wao, hasira akaipeleka nyumbani. Kisha Cheche akaanguka mazoezini, akavunjika mtulinga na mbavu mbili. Alipokuwa amelazwa, Mzee Futi alimwita mnunuzi wa vyuma chakavu, akaitoa ile pikipiki uani ikakatwakatwa palepale, fremu vipande vinne. Halafu akaenda hospitali na chupa ya uji, akaketi pembeni ya kitanda, akamwambia.

Alikuwa amejiandaa kwa kilio. Cheche hakulia. Aliuliza tu kama alikuwepo walipokuwa wanaikata. Mzee akasema ndiyo, alikuwepo. Aliporuhusiwa kutoka hospitali, binti alipitia kwa rafiki yake na hakufika nyumbani.

Sasa Mzee Futi alianza kazi kama mtu anayefanya mtihani. Siku ya kwanza hakugusa msumeno. Aliingia ndani ya tela akapima, akatoka, akaingia tena akapima upya. Akamfuata dereva mmoja mstaafu wa malori kumuuliza mambo ya uzito, maana seremala anajua kabati, hajui barabara. Dereva akamweleza kwamba pikipiki ikikaa nyuma sana ya ekseli, chuma kinachounganisha magurudumu, tela litaanza kutikisa mkia njiani na kuliangusha hata gari linalolivuta. Uzito uegemee mbele kidogo, lakini usizidi. Mzee alirudi akachora mstari wa chaki sakafuni pale ekseli ilipopita. Kila kitu alikipanga kwa kuufuata mstari ule.

Kazi ya vyuma alimpa jirani yake, fundi wa kuchomelea aliyeitwa Miwani kwa sababu alivaa miwani ya kuchomelea hata akiwa anakula. Miwani aliugeuza mlango wa nyuma ushuke kama daraja la kupandishia pikipiki, akachomelea kishikio cha gurudumu la mbele na pete nne za kufungia mikanda.

"Mzee, hili likikamilika mimi namwachia mwenye nyumba chumba chake," alisema. "Nahamia humu na mke wangu. Asipotaka, nahamia peke yangu."

"Wewe choma chuma. Mdomo uuache nyumbani."

"Mdomo ndio unaoshika elektrodi, mikono inasaidia tu."

Ndani, Mzee alibandika kuta kwa maboksi ya povu dhidi ya joto, juu yake akapigilia mbao nyembamba zilizopakwa vanishi mara tatu. Alitoboa dirisha kila upande. Kati ya pikipiki na mahali pa kulala aliweka ukuta wa mbao wenye mlango mdogo, ukazibwa vizuri harufu ya petroli isipite. Aliunda kabati la helmeti, droo ya spana yenye kitambaa ndani ili isipige kelele barabarani, meza ya kukunja. Kitanda alikiweka mbele kabisa, kwa urefu wa Cheche aliomuuliza mkewe.

"Futi tano na nusu," mkewe alisema. "Lakini mwachie nafasi. Anajinyoosha sana akilala."

"Bado anajinyoosha?"

"Mimi nitajuaje? Nakumbuka alivyokuwa."

Wiki ya nne ilipoisha, kazi ya kwenye karatasi ilikuwa inakaribia kumalizika. Hapo ndipo Mzee alipoongeza kitanda cha pili. Hakikuwa kwenye mchoro. Alikiunda kwa mbao ngumu, kikakunjwa ukutani kwa bawaba tatu, juu ya pale pikipiki itakapofungwa. Ukikishusha, miguu miwili ya chuma inasimama sakafuni. Alikifanyia kazi kwa siku nane, akakipiga msasa mpaka kikawa laini kama shavu la mtoto. Miwani alipomuuliza ni cha nani, akajibu kwamba mtu anayekwenda mashindanoni lazima awe na msaidizi.

Kwa hakika alikuwa amekwisha kuyaona yote kichwani. Yeye ndiye atakuwa msaidizi. Atashika spana, atapima upepo wa matairi, atachemsha chai asubuhi kwenye kambi, na watu watamuuliza, naye atasema, ndiyo, huyo ni mwanangu. Hakumwambia mtu. Aliamini kwamba binti akikiona kitanda kile atalielewa neno ambalo yeye hakuwahi kuweza kulitamka.

Cheche alirudi siku ileile waliyokubaliana, na safari hii pikipiki ilikuwa imefungwa nyuma ya pikapu. Alilikagua tela taratibu. Alifungua kila droo. Alijilaza kitandani, akajinyoosha, akaona panatosha. Alipiga magoti akauona mstari wa chaki uliobaki karibu na ekseli, akapima kwa mkono umbali kutoka pale hadi kwenye kishikio.

"Nani alikwambia kuhusu uzito?"

"Nilimuuliza dereva mmoja."

Akatikisa kichwa kukubali. Mzee alihisi kifua kinapanuka. Ndipo Cheche akashika kamba ndogo ukutani, kitanda cha pili kikashuka kimya, bawaba hazikulia hata kidogo.

"Hiki nini?"

"Ni cha msaidizi. Nikaona huenda..."

Cheche alikitazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Akanyoosha mkono kiunoni mwa baba yake, akachomoa futi, akaivuta juu ya kitanda. Futi sita na inchi tatu. Akaiacha ijirudishe yenyewe kwa kishindo.

"Msaidizi wangu ni mwanamke mfupi kuliko mimi, na ana hema lake," alisema. "Hiki umejipimia wewe."

Mzee Futi akaipokea futi, akaichomeka kiunoni. "Nilidhani nikija nawe hata mara moja tu, nitaona... sijawahi kukuona ukiendesha."

"Ni kweli. Hujawahi."

"Watu huzeeka, mwanangu. Wanafikiri."

Cheche alikaa kwenye ukingo wa mlango wa nyuma, miguu ikining'inia. Aliongea bila kupandisha sauti, na hilo lilimuumiza mzee kuliko makelele.

"Nitakwambia kitu, halafu tumalize kazi. Baba yangu alikuja hospitali akanipa uji. Akanisubiri nikanywa mpaka nusu. Halafu ndiyo akaniambia. Nimejaribu kukumbuka uso wake alivyokuwa ananitazama nakunywa, wakati tayari anajua. Mifupa ilishaunga zamani. Ule uji ndio bado sijaumaliza."

"Nilikuwa naogopa utakufa."

"Ulikuwa unaogopa utachekwa. Kufa ulikufikiria baadaye."

Mzee alipitisha kiganja kwenye ukingo wa kile kitanda.

"Basi mbona umekuja kwangu?" aliuliza. "Mafundi wamejaa."

"Kwa sababu ndiye fundi bora ninayemfahamu. Nikiwa barabarani na tela nyuma, nataka kujua kila skrubu imekaa mahali pake. Wewe hujawahi kufanya kazi mbovu. Hata siku ile, mwenye msumeno alivyokuwa anakata, nilikuja kuambiwa kwamba ulimwelekeza aanzie wapi."

Mkewe alikuwa amesimama nje ya tela, karibu kiasi cha kusikia yote. Mzee alimtazama kumwomba msaada. Mkewe akainama akaanza kuokota vipande vya mbao.

"Kitoe," Cheche alisema. "Hapo nitatundika matairi ya akiba."

Hakumpa mtu mwingine kazi hiyo. Mzee Futi alichukua bisibisi, akaanza kukitoa kitanda, skrubu baada ya skrubu, na kwa kuwa alizifunga kwa gundi, kila moja aliihangaikia. Zilikuwa kumi na nane. Cheche alikishika kwa chini kisimwangukie. Walikuwa wamekaribiana kiasi kwamba mzee alisikia anavyopumua, akanusa mafuta ya mnyororo mikononi mwake, na lilimjia wazo la kijinga kwamba azifungue taratibu zaidi. Walikitoa nje wote wawili, mmoja huku, mmoja kule, wakakiegemeza ukutani. Matundu aliyaziba kwa vigingi vya mbao, akapiga msasa, akapaka vanishi. Ukitazama haraka huoni kitu.

Baada ya hapo walipandisha pikipiki, wakaibana kwenye kishikio, wakaifunga mikanda minne. Cheche alitikisa tela kwa bega lake. Halikuyumba. Mama alitoka nyumbani na begi dogo na mto chini ya kwapa.

"Wewe unakwenda wapi?" Mzee aliuliza.

"Kumwona mwanangu akishindana," mkewe alisema. "Alinialika tangu mwezi uliopita. Mchele uko kwenye ndoo."

Akapanda mbele ya pikapu, akafunga mkanda kama mtu aliyeuzoea. Cheche alimpa baba yake mkono, mkono mkavu, wenye sugu pale pale penye sugu zake yeye.

"Kazi nzuri, fundi. Asante."

Tela likatoka uwanjani, likapinda kona bila kugusa ukingo wa mtaro.

Mkewe alirudi baada ya siku tano. Alisema Cheche alishika nafasi ya tatu, na kwamba watu walipanga foleni kuchungulia ndani ya tela. Mzee aliuliza kama paa lilivuja, maana aliona mvua kwenye taarifa ya habari. Halikuvuja. Droo zilipiga kelele? Hazikupiga. Mlango wa daraja uligoma mahali? Haukugoma.

"Umemwambia akiona kasoro yoyote alilete?"

"Nimemwambia."

Ukapita mwezi, na wa pili. Mzee Futi alianza kuweka simu juu ya benchi, mbali na vumbi la mbao, na sauti akaipandisha hadi mwisho. Alikuwa akikumbuka kazi yake kipande kwa kipande akitafuta alipokosea. Pengine gundi ya dirisha la kushoto. Pengine ile bawaba ya meza, aliifunga siku aliyokuwa na homa. Miwani alimkuta siku moja amekaa tu, mbao mkononi.

"Unawaza nini, mzee?"

"Nawaza kama ningelegeza kitu kimoja tu," alisema. "Kidogo. Kisichoweza kumdhuru."

Miwani alicheka akidhani ni utani, kisha akaona si utani, akaivua miwani yake na kuifuta, ingawa haikuwa chafu.

Jumapili iliyofuata mkewe alikuwa barazani na simu sikioni, anacheka kwa kitu alichoambiwa. Mzee Futi alisogea hadi mlangoni, akasubiri amalize.

"Tela linasemaje?" aliuliza.

"Halina tatizo," mkewe alisema. "Anasema halina tatizo hata moja."

Akaingia ndani kuangalia chungu. Mzee akarudi karakana, ambako mteja alikuwa anasubiri fremu zake za madirisha.