Mchanga wa Mutua

Asubuhi ile Kalunde alifanya jambo ambalo, angemkuta mtu mwingine akilifanya, angemfukuza kazini kabla ya chai.

Alikuwa amekwisha kuupima mchanga wake kama kazi inavyotaka: kaumimina kwenye kopo ambalo ujazo wake unajulikana, kausawazisha juu kwa rula, kaupima uzito, kaumwaga, karudia tena na tena hadi mizani ikaacha kubishana naye. Ulikuwa mchanga wa mto Athi, uliooshwa, ukachekechwa, ukakaushwa hadi ukawa unateleza vidoleni kama mtama. Kisha, nyuma ya gari la ofisi ya maji, akachovya mkono kwenye kikombe, akaunyunyizia maji, akauchanganya taratibu na kuurudisha kwenye mfuko wake. Hakutia mengi. Alitia kiasi tu cha kuufanya uache kuteleza.

Asiyeijua kazi hii atauliza, maji kidogo hivyo yana nini? Yana mengi. Ukitaka kujua kama ukuta wa bwawa umeshindiliwa sawasawa, unachimba shimo dogo juu yake, unapima uzito na unyevu wa udongo uliotoka, halafu unalijaza shimo kwa mchanga wa kwenye chupa ili ujue lina ukubwa gani. Mchanga mkavu hujipenyeza kila pembe. Mchanga wenye maji hushikana, huacha mapengo, huingia kidogo. Basi shimo linaonekana dogo kuliko lilivyo, na udongo unaonekana umebanana kuliko ulivyobanana. Ukuta mbovu unapita mtihani huku watu wakipiga makofi.

Na ndivyo ulivyopita ukuta wa bwawa moja miaka ya nyuma, ng'ambo ya Kithimani, aliokuwa akiupima Mutua, kaka yake Kalunde wa tumbo moja. Mvua za El Niño zilipokuja ukapasuka, maji yakamchukua mjane Syokau na nyumba yake na kila kilichokuwa ndani. Mutua alirudi mbio akatia mkono kwenye mfuko wa mchanga uliobaki, akaukuta una ubichi. Mfuko ule ulikuwa ukilala kwenye stoo ya msimamizi wa ujenzi, Onesmus Nzioka, naye ndiye aliyekuwa na haraka ya kumaliza. Lakini nani angemsikiliza Mutua? Kwenye baraza la chifu Onesmus alisimama, kofia kifuani, akasema, "Mimi ni mtu ya tingatinga. Hiyo mambo ya chupa na mchanga sijui hata inafanya nini. Niko tayari kula kithitu." Mtu akijitolea kula kiapo kile cha Wakamba, kinachoua mwongo na ukoo wake, watu hunyamaza. Wakanyamaza. Mutua akafukuzwa kazi, na kila alikopita sokoni wanawake wakawavuta watoto wao karibu. Sasa alikuwa akilinda lango la kiwanda huko Kinanie, na nyumbani hakukanyaga tena, hata mama yao alipokuwa mgonjwa.

Kalunde hakusahau. Aliolewa, akabeba jina la mume, akaendelea na kazi ileile ya labu, akasubiri. Subira yake haikuwa ya wacha Mungu. Ilikuwa ya paka.

Kisha Onesmus, aliyekuwa sasa kontrakta kamili mwenye kitambi chake, akapewa kujenga bwawa kijijini kwao mwenyewe. Nyumba ya mama yake, bibi kizee Wanza, ilikuwa chini kabisa ya ukuta, mahali ambapo maji yakitoka yangeifikia kabla hujamaliza kupiga kelele. Ajabu ya dunia: safari hii Onesmus aliutaka ukweli. Rola yake ya kukodi ilikuwa imeharibika katikati ya kazi, naye akiwa safarini vijana walishindilia tabaka moja wajuavyo wao. Hakuwa na hakika nalo. Kalunde aliposhuka garini, akamfuata mbio.

"Madam, karibu. Tafadhali pima kabisa. Usinihurumie. Mwaitu analala hapo chini."

Mwaitu, yaani mama yangu. Kalunde alimtazama. Na Syokau hakuwa mama wa mtu? Mwosha huoshwa, akajisemea. Ulimpa kaka yangu uongo alipotaka ukweli; leo wewe ndiye unayeutaka ukweli, nami nitakupa uongo wako uleule, uutambue mwenyewe.

"Usijali, mzee," alijibu. "Nitapima."

Akapima. Injinia Yahya, kijana wa mjini Machakos aliyetumwa kusimamia, alisimama kando na kikokotoo chake. Akina mama waliobeba mawe ya ukuta ule migongoni walikaa kwenye nyasi pamoja na Wanza, aliyeleta uji. Kalunde alichimba shimo palepale kwenye tabaka la mashaka, akakusanya udongo hadi punje ya mwisho, akaupima. Akatia kidogo kwenye chupa ya chuma pamoja na unga wa kabaidi, akaitikisa, akasoma unyevu kwenye mshale. Akaisimamisha chupa ya mchanga juu ya shimo, akafungua. Onesmus alikuwa mbali, karibu na rola. Siku ile nzima hakuwa amegusa mfuko wala chupa.

Yahya alipiga hesabu, akarudia, akatabasamu. "Tulikuwa tunataka tisini na tano kwa mia ya kipimo cha labu. Hii imetoa mia na nne! Bwana Onesmus, umepita na alama za juu. Tunaweza kuanza kuweka maji, mvua iko karibu."

Vigelegele vikapaa. Onesmus hakucheka. Aliitazama rola yake, kale kachuma kalikokohoa kila kilima, halafu akaitazama chupa. Mia na nne, kwa tabaka lile? Hata malaika wangeshuka na rola ya mbinguni wasingeitoa.

Kalunde alianza kufunga vyombo polepole. Chini ya kiti cha gari kulikuwa na mfuko wa pili, mkavu, umefungwa kwa kamba. Alikuwa ameapa hautatoka mpaka Onesmus afungue kinywa. Na kama asingefungua? Hapo Kalunde hakuwa amejijibu, na tusimpambe: hasira ilikuwa imemfikisha mbali kuliko alivyopanga kwenda.

Onesmus alisogea. "Madam, hatuwezi kurudia?"

"Kurudia nini? Imepita."

"Kurudia tu."

"Kwani unataka ianguke?"

Akina mama wakacheka. Yahya naye akacheka, akasema hajapata kuona kontrakta anayekataa kupita. Onesmus akacheka pia, kicheko kikavu, akarudi nyuma hatua mbili. Kalunde akadhani amemkosa.

Ndipo Wanza akainuka, akijipangusa kanga. "Basi leo narudisha kitanda changu. Nilikuwa nalala kwa jirani, nilisema sirudi mpaka mpimaji aongee. Sasa ameongea. Onesmus, nibebee kitanda."

"Mwaitu, usirudi huko!" Onesmus alipiga ukelele. "Hiyo mchanga iko na maji!"

Kalunde aliweka chupa chini. Alikuwa ameyasubiri maneno haya tangu El Niño.

"Umejua aje?" akauliza.

"Si... hiyo namba ni kubwa sana."

"Namba ikikuwa kubwa, mchanga imefanya nini?"

"Ikiwa na maji inashikana. Haiingii kwa shimo vizuri, inaonyesha ukuta ni..." Alikuwa ameona alikofika.

"Endelea," Kalunde alisema. "Lakini wewe ni mtu ya tingatinga. Chupa na mchanga hujui hata inafanya nini. Ulisema hivyo mbele ya chifu, ukaitisha kithitu. Leo hujagusa hii mchanga, na umeijua ukiwa kule kwa rola. Nani alikufundisha?"

Onesmus aligeukia watu, lakini Wanza ndiye aliyekuwa karibu. Kwenye baraza lile mama huyu alikuwa ameketi mbele kabisa, akijivunia mwanawe. Alimtazama machoni.

"Onesmus. Umejua aje?"

Njia ya mwongo ni fupi, nayo ilikuwa imeishia miguuni pa mama yake. Onesmus alikaa chini kwenye udongo. "Ni mimi niliweka," alisema. "Mutua akienda kula. Sikujua itaua mtu, Mwaitu."

Wanza alimpa mgongo.

"Mimi ni dada ya Mutua," Kalunde alisema.

Yahya alianza kufoka, kwamba amechezewa, kwamba ataandika ripoti. Kalunde alimwambia aandike anavyotaka. Akautoa mfuko mkavu, akaupima mchanga wake upya kwenye kopo mbele ya watu wote, akachimba shimo jipya kwenye tabaka lilelile, pembeni ya lile la kwanza. Moyoni aliuombea ukuta ule uanguke mtihani. Yahya alipiga hesabu bila kutabasamu.

"Tisini na saba," alisema. "Imepita."

Onesmus aliinua kichwa.

"Umesikia?" Kalunde alimwinamia. "Ukuta yako ni mzima. Mama yako angelala salama. Ungenyamaza tu, ungeenda nyumbani na jina lako."

Ilikuwa tamu, asikudanganye mtu kwamba kisasi ni kichungu. Aliimeza yote. Kisha akafungua mlango wa gari.

"Ingia. Tunaenda Kinanie. Utamwambia wewe mwenyewe, hapo kwa lango, wenzake wakisikia."

Onesmus akaingia kama aliyekwisha kufungwa pingu. Kalunde akauchukua ule mfuko wa mchanga mbichi, akamwekea mapajani, akamwambia aubebe vizuri usimwagike.