Likizo ya Miguu

Avelina alilichoma gunia ubavuni kwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kutolea sampuli, akakizungusha kidogo na kukivuta. Punje za kahawa ya maganda zikamwagikia kiganjani. Akazinusa, akaiuma moja, nyingine akazimimina kwenye kipima unyevu. Mwenye gunia alisimama nje ya dirisha ameshika kofia mkononi. Nyuma yake foleni ilitoka nje ya geti la kiwanda cha kukobolea kahawa, ikawapita wauza chapati, ikaishia huko ambako macho ya Avelina hayakufika.

"Imekauka," akasema. "Gunia linalofuata."

Ilikuwa Julai pale Kayanga, na hakuna mtu katika Karagwe wala Kyerwa ambaye hakuwa na kahawa mtini, mgongoni au juani. Mchana kutwa Avelina alikaa kwenye kiti hicho. Jioni alipanda bodaboda hadi Kihanga kwa mumewe Jovitus, ambako kahawa yao wenyewe ilimngoja aigeuze kwenye maturubai, na ndizi zilimngoja azimenye. Mwaka huo kulikuwa pia na kipaimara cha binti yao Kemigisha, kwa hiyo kulikuwa na rubisi, pombe ya ndizi, ya kutengeneza na wageni wa kuandaliwa. Mshika mbili moja humponyoka, wanasema. Avelina alishika mbili kila msimu, na kilichomponyoka kilikuwa usingizi, ambao hakuna aliyemwuliza umekwenda wapi.

Ndipo wifi yake Joanitha akapiga simu kutoka Kibingo, huko Kyerwa. Joanitha ni mke wa kaka yake, na ndiye aliyekuwa akimuuguza mama yao, Vestina.

"Wifi, mama hali tena," akasema. "Anakuulizia wewe tu. Anasema ana neno lako."

"Mpe simu."

"Si unamjua? Anasema simu haina macho. Neno lenyewe anataka akuambie umekaa mbele yake."

Avelina alilijua neno hilo, au tuseme alijua kwamba lipo. Siku anaolewa, mama alimshika mikono akaanza kumwambia jambo, mara gari la harusi likapiga honi. Vestina akasema atamwambia siku nyingine. Siku hiyo nyingine haikufika, maana kila alipokwenda kwao alikuta msimu wa kitu fulani: kahawa, maharage, msiba, Krismasi. Sasa Kemigisha alikuwa amemzidi mama yake kimo, na neno lilikuwa bado liko Kibingo.

Akaenda kwa Meneja Winston kuomba likizo. Winston alikuwa kijana wa Muleba, mpole, asiyepandisha sauti hata kwa mbwa.

"Dada Avelina, likizo Julai?" akauliza. "Nikikuachia, nani atakaa dirishani?"

"Mama anakufa, Meneja."

Winston alisikitika, na hakuwa akijifanya. Aliegemea kiti akafikiri kwa dhati, kama mtu anayetafuta jinsi ya kupitisha kabati kwenye mlango mwembamba. Mwishowe akasema kazi ya dirishani inahitaji mikono, macho na mdomo. Miguu anaikalia tu.

"Nitakupa nusu likizo," akasema. "Miguu iende."

"Na mimi?"

"Wewe utabaki. Heri nusu shari kuliko shari kamili, dada."

Hakuna mfanyakazi aliyewahi kupewa likizo Julai, hata ya kidole. Avelina akashukuru.

Jioni hiyo, dirisha lilipofungwa, miguu ya Avelina ilisimama, kuanzia kiunoni kushuka chini, ikamwacha kitini. Hakukuwa na damu. Pale ilipoachania palikuwa laini kama ubao uliopigwa randa. Mlinzi wa kiwanda akaleta mto wa kumkalishia, mama wa jikoni akaifunga miguu kitenge cha heshima, nayo ikavaa ndala na kutokea mlango wa nyuma. Mambo mengine ya mwili yalijipanga yenyewe, na hakuna aliyekosa adabu kiasi cha kuuliza. Kijana wa bodaboda alitaka kujua tu kama atalipwa nauli nzima. Akaambiwa kiti kilichokaliwa ni kilekile.

Kila kilichoipata miguu, Avelina alikihisi. Alihisi mtikisiko wa pikipiki na vumbi likipenya katikati ya vidole. Kwenye njia panda ya Omurushaka alingoja kuhisi pikipiki ikikata kona ya kwenda Kyerwa. Haikukata. Akampigia mumewe.

"Baba Kemigisha, hiyo miguu ni ya Kibingo. Inakwenda kwa mama."

"Itakwenda, Mama Kemigisha, itakwenda," Jovitus akajibu. "Mimi ndiye niliyemwambia kijana aipitishe hapa kwanza. Kuna wingu limekaa vibaya, na kahawa haijageuzwa tangu asubuhi. Ikimaliza itaondoka."

Jovitus hakuwa mume mbaya. Alikuwa mume mwenye kahawa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini miguu haikupewa hata hizo mbili. Ilivuliwa ndala mlangoni na kuingizwa kwenye turubai, ikaanza kwenda na kurudi ikiburuta nyayo na kuacha mifereji kwenye kahawa, kama wanawake wa pale wanavyogeuza. Ilipomaliza kahawa ya juu ilikuwepo ya chini, na ilipomaliza ya chini, ya juu ilikuwa tayari kugeuzwa tena. Kisha ikatiwa kwenye mtumbwi wa kukamulia, ikakanyaga ndizi mbivu za rubisi ya kipaimara mpaka mapovu yakafika magotini. Jirani yao Kemirembe alipoona inavyofanya kazi bila kulalamika, akaja kuiazima. Jovitus alisita kidogo, akaiuliza miguu yenyewe kama imechoka. Haikusema kitu, basi ikaenda.

Dirishani Avelina aliwapokea wakulima huku unyayo ukimwasha kwa maganda. Usiku alilala pale pale, juu ya magunia, maana asingeweza kwenda popote. Aligundua kwamba sasa hana hata ile safari ya bodaboda ya jioni, ambayo ndiyo ilikuwa saa yake pekee ya kuwa mtu wa peke yake. Alimchukia Winston, akamchukia Jovitus, halafu dirisha likafunguliwa na hakupata nafasi ya kuendelea kuwachukia.

Joanitha akapiga tena. "Wifi, mama anauliza umefika wapi."

"Nusu yangu iko Kihanga inageuza kahawa."

Joanitha alielewa. Kwake pia kulikuwa na kahawa. "Basi ije hiyo hiyo nusu," akasema. "Ije upesi."

Adhuhuri iliyofuata, Jovitus akiwa dukani, miguu ilisimama katikati ya turubai. Ilitoka kwenye kahawa bila hata kujikung'uta, haikutafuta ndala, ikashika njia. Avelina alihisi lami ya moto, kisha kokoto, kisha vumbi laini la njia ya Kyerwa, na hakumwambia mtu. Jovitus alipopiga simu kuuliza kama anajua miguu imekwenda wapi, alijibu kwamba yeye yuko kazini. Kwa mara ya kwanza msimu huo moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Miguu ilitembea mchana wote, ikapumzika penye giza, ikatembea tena.

Iliingia Kibingo kukiwa na mawingu mazito. Joanitha aliiona inakatiza katikati ya migomba, akaikaribisha.

"Karibuni, karibuni. Poleni na safari. Mama yuko chumbani, piteni tu." Akaifungulia mlango wa chumba, akakimbilia nje na wengine wote kuokota kahawa kabla mvua haijaifika.

Saa hiyo dirishani alikuwa amesimama Mzee Cleophace wa Rugu, na gunia moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Iangalie vizuri, waitu, mara ya mwisho mlinirudisha nayo."

Avelina alichoma bambo, na hapo hapo akahisi mikono ya mama. Ilikuwa miwili, mikavu, myepesi. Ilianzia vifundoni ikashuka taratibu, ikalipata kovu la jembe kwenye mguu wa kushoto, ikatulia juu yake. Vestina alikuwa haoni vizuri tena, lakini kovu hilo alilifunga dawa yeye mwenyewe. Akaondoa maganda ya kahawa yaliyonasa katikati ya vidole, moja moja. Akachovya samli mahali fulani, akaipaka miguu yote mpaka magotini, kama alivyompaka Avelina alipokuwa mtoto wa kubebwa.

Kisha akainamisha uso karibu na nyayo akaanza kusema.

Avelina alihisi pumzi. Ilikuja fupi fupi, kisha ndefu, kisha ikakatika na kuanza upya. Lilikuwa neno refu. Alifumba macho akajaribu kuyasikia maneno kwa ngozi, lakini ngozi ya unyayo wa mkulima ni nene, na hata ingekuwa nyembamba isingejua kusikiliza. Alipata joto la maneno tu. Pumzi ikapanda kidogo mwishoni, kama ya mtu anayeuliza swali. Halafu ikasimama ikingoja.

"Nipo, mama," Avelina akasema kwa sauti.

Mzee Cleophace, aliyekuwa akiuliza kama kahawa yake imekauka, aligeuka kumtafuta huyo mama nyuma yake.

Kibingo, Vestina alingoja kidogo. Hakujibiwa. Akaweka shavu lake juu ya miguu ya binti yake, na mikono ikazidi kuwa mizito, kisha ikawa haina uzito wowote.

"Mwanangu?" Mzee Cleophace akasema.

"Mama amekufa."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Kibingo."

Mzee akavua kofia. "Pole, mwanangu. Pole sana, waitu." Waliokuwa karibu nao wakavua. Huko nyuma kabisa sauti ya mtu ikauliza kama dirisha limefungwa.

Winston alikuja mwenyewe. Alitoa pole kwa Kihaya na kwa Kiswahili, machozi yakimlengalenga, akaamuru dirisha lifungwe kwa muda kwa heshima ya marehemu. Avelina akaomba aende kuzika.

"Lakini dada," Winston akasema kwa upole, "kwa bahati nzuri umeshafika. Miguu iko huko huko."

Vestina akazikwa kwenye kibanja, shamba la nyumbani, upande wa juu wa migomba. Miguu ya Avelina ilisimama mstari wa mbele pamoja na watoto wengine wa marehemu, imefungwa kitenge cheusi, na watu waliokuja kutoa rambirambi waliinama na kuigusa magoti. Baada ya maziko Avelina alimpigia Joanitha.

"Wifi, mama alisema nini?"

"Sijui, wifi. Nilimwona kupitia dirisha la chumba anaongea, nikaona nisimkatize. Aliongea sana." Joanitha akaanza kulia. "Nilikuwa kwenye kahawa. Sote tulikuwa kwenye kahawa."

Kutoka msibani miguu ilirudishwa Kihanga. Siku ya kipaimara Kemigisha alipiga picha akiwa na gauni jeupe, baba yake kulia na miguu ya mama yake kushoto. Picha ilitoka vizuri, ipo ukutani mpaka leo.

Msimu ulipokwisha, miguu ilirudi Kayanga ikamkuta Avelina kitini. Akajishusha juu yake, ikashika. Jovitus alikuja kumchukua, akamtazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Sasa umetimia." Nyumbani Avelina alichemsha maji, akayamimina kwenye beseni, akaikalisha miguu humo. Ilinukia samli, na harufu hiyo haikutoka hata alipoisugua.

"Alisema nini?" akaiuliza.

Vidole vikajongea majini, vikakunjuka, vikajikunja. Ilikuwa ikijitahidi, hilo aliliona. Akainama akaikumbatia, akalia mpaka maji yakapoa. Tangu hapo aliiuliza kila jioni, na kila jioni ilijongea vilevile.

Mwaka uliofuata, Mei ikafika, msimu ukikaribia kufunguliwa. Kabla foleni haijafika hata kwa wauza chapati, Avelina aliingia kwa Meneja.

"Mwaka huu nataka niende mimi wa juu," akasema. "Nikasimame kwenye kaburi la mama nimlilie kwa macho yangu. Miguu ibaki hapa."

"Miguu itaandika risiti, dada?" Winston akauliza, wala hakuwa akimdhihaki. Akamweleza kwamba wakubwa wameridhika sana na nusu likizo. Mwaka huu wameipanua, itawahusu wafanyakazi wote, na ni ya lazima.

Jioni ya kufungua msimu, mlango wa nyuma wa kiwanda ulifunguliwa, miguu ikatoka kwa mstari, yenye vitenge na yenye suruali, kila jozi na kwao. Vijana wa bodaboda walikuwa tayari wameshapanga zamu. Miguu ya Avelina haikupanda. Ilitembea mpaka Omurushaka, ikakata kona ya Kyerwa.

Aliihisi ilipofika. Udongo wa kaburi ulikuwa umeshatitia, una majani mafupi na umande. Miguu ikasimama juu yake, ikaingiza vidole udongoni kadiri vilivyoweza kuingia, ikatulia hivyo. Dirishani Avelina aliuliza swali lake kimoyomoyo. Miguu ikazidi kuzama.

Halafu akahisi mkono wa mwanaume ukishika kifundo. Ulikuwa mkono wa Jovitus, na haukuwa na ukali. Ulipangusa udongo kwenye unyayo wa kulia, kisha wa kushoto, ukaivalisha miguu ndala. Kihanga wingu lilikuwa limekaa vibaya.

Avelina alifuta macho kwa kiganja kilichojaa vumbi la maganda, akachukua bambo.

"Gunia linalofuata," akasema.