Fulana za Mswada

Mtaa mzima hapa kando ya mto unajua Ate Beling, dada yetu mkubwa, anataka kitu kimoja: kusoma ripoti ya wakaguzi juu ya ukuta wa mto ulioangukia nyumba yake wakati wa kimbunga, ukamuua mwanawe Jomar. Ofisini walimjibu kwa adabu kwamba ripoti ipo, ila hakuna sheria inayowalazimisha kuitoa. Basi akaamua kuidai sheria yenyewe itungwe.

Mswada wa haki ya kupata taarifa una namba yake. Bunge likimaliza muda bila kuupitisha, unakufa, na bunge jipya linaupa namba nyingine. Ate Beling ni fundi cherehani. Kila namba ikifa, anafumua kitambaa chenye namba hiyo kwenye fulana zetu, sisi tunaoudai pamoja naye, anashona kipya. Fulana yangu kifuani imetoboka kama chujio.

Siku ya mwisho ya kikao cha mwisho cha bunge hili nilifunga mgahawa wangu, tukaenda bungeni na sufuria ya pansit, tambi zangu zile. Mlinzi wa ukumbi wa wageni akatuzuia.

"Maandishi hayaruhusiwi, mama zangu. Zigeuzeni fulana, ndani iwe nje."

"Tukuvulie hapahapa, Dencio?" nikamuuliza. "Mkeo anakula kwangu, nitamsimulia."

Akacheka, akatuonyesha choo tukazigeuzie huko.

Karani akaita majina. Mengi hayakuitikiwa; uchaguzi umekaribia, waheshimiwa wako makwao wanagawa mchele. Akidi haikutimia. Spika akagonga nyundo, akawatakia waliokuwapo safari njema.

"Ndiyo imekwisha?" Ate Beling akauliza.

"Imekwisha, Ate."

"Mbona sijasikia hata wakiutaja?"

Tulikula pansit ngazini, imeshapoa.

Kesho yake mgahawa umejaa, Ate Beling akaja kukusanya fulana, akaketi pembeni, akaanza kufumua.

"Pumzika basi, Ate. Namba mpya bado haijatoka."

"Nikiiona hii ya zamani nachoka zaidi."

Akatoa mfukoni vifungo vya chuma, vile vya kubana kwa kidole, akaanza kuvipachika kifuani mwa fulana.

"Na hivyo vya nini?"

"Kushona nimechoka, Osang. Safari hii namba naibana tu. Ikifa, naibandua." Akajaribu kimoja, kikalia tak. "Macho yenyewe hayaoni uzi siku hizi. Ripoti ikitoka, utanisomea wewe."

Nikamwambia nitamsomea. Nikampakulia wali.