Kuunga Mkono

Boaz Aketch alikuwa mwenyekiti wa wapangaji katika ploti moja ya Ruiru, na kazi hiyo isiyo na mshahara aliifanya kana kwamba ameapishwa uwanjani mbele ya jeshi. Aliweka saa za kufua, saa za kuanika na saa za watoto kupiga kelele. Karibu na geti alitundika kibao kilichosema ni marufuku kutengeneza gari ndani ya ploti.

Kibao hicho kilitokana na Mzee Gurdial, jirani wa chini, aliyewahi kubadilisha oili ya gari lake uani na tone moja likaanguka kwenye simiti. Boaz alimwamuru alisukume gari hadi barabarani, mvua ikinyesha, na mzee akamalizia kazi huko huku mkewe Kanta amemshikia mwavuli. Tangu siku hiyo Gurdial hakumwita tena kwa jina. Alimwita Mwenyekiti, na alilitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu ya chungwa.

Sasa pikapu ya Boaz, aliyoitumia kupeleka chakula cha kuku Juja, ikaanza kugonga kila ilipopita kwenye shimo. Fundi Kisilu aliingia chini, akatoka na kusema mkono wa chuma unaoshika gurudumu la mbele, ule wanaouita lower arm, umekwisha kabisa, na wakati wowote gurudumu lingelala. Akaahidi kuja kesho. Kesho akaahidi kesho nyingine. Boaz akaamua kwamba fundi ni mtu wa kawaida tu mwenye spana, akatazama video ya mzungu mmoja aliyeifanya kazi yote bila kuchafua shati, akaenda Thika kununua mkono mpya.

Jumamosi asubuhi aliegesha pikapu kwenye njia ya geti, kwa kuwa ndipo tu pana simiti iliyo sawasawa, akaipiga jeki, akaweka mawe chini ya chesisi na kung'oa gurudumu la kulia. Wanja, katibu wa wapangaji, alikuja na kikombe chake cha chai akauliza kuhusu kibao. Boaz, ambaye miguu yake tu ndiyo ilionekana, alimweleza kwamba kutengeneza ni kurekebisha kitu kilichoharibika. Yeye hatengenezi. Yeye anabadilisha. Wanja akaomba tofauti hiyo iandikwe, Boaz akaahidi kuiandika mikono ikishatakata.

Kuutoa mkono wa zamani kulimgharimu nyundo, ngozi ya vidole viwili na maneno ambayo yeye mwenyewe alishayapiga marufuku uani. Lakini ulitoka. Akauchukua mpya, akausukuma, ukakataa. Akaugeuza juu chini, ukakataa. Akaugonga, na hapo ndipo Mzee Gurdial alipotokea amevaa kilemba cha sherehe, Kanta nyuma yake kwa hatua ndogo kwa sababu ya sari. Mpwa wao Payal alikuwa akiolewa Thika, na gari lao lilikuwa ndani.

"Dakika kumi tu, Mzee," Boaz alisema.

Akailaza mikono yote miwili, wa zamani na mpya, juu ya gunia. Ilipeana mgongo kama mume na mke waliokosana. Akaelewa. Dukani aliulizwa ni upande gani, naye akafikiria anavyoliona gari akisimama mbele yake. Alikuwa amenunua wa kushoto.

Hakumwambia mtu. Aliuviringisha mkono ndani ya gunia, akapanda bodaboda, akaondoka kuelekea Thika huku akisema kuna kifaa kidogo kimepungua.

Dukani Hitesh, mwenye duka, alimwonyesha kwa kidevu maandishi yaliyokuwa ukutani: bidhaa ikiuzwa hairudi. Isitoshe, hii ilikuwa na alama za nyundo. Boaz akatoa hotuba. Alisema sheria hutungwa kwa ajili ya watu wenye nia mbaya, kwamba sheria isiyo na huruma ni ukuta tu, na kwamba kiongozi mwenye busara hutazama mtu kabla ya kutazama kibao. Aliyasema kwa moyo wote, na hakuna hata neno moja lililomrudia masikioni. Hitesh alimbadilishia, kwa sababu watu waliopanga foleni nyuma yake walikuwa wameanza kupiga miluzi.

Aliporudi, pikapu haikuwa pale alipoiacha. Wapangaji wote walikuwa wametoka, wakaiinua upande wa mbele na kuiburuta juu ya magunia hadi kando, na gari la Gurdial likapita. Boaz alikagua mawe, akayapanga upya, akaingia chini bila kumsalimia mtu. Mkono wa kulia uliingia mahali pake bila ubishi. Alikuwa ameushikilia kwa kiganja kimoja akitafuta bolti kwa kingine alipoona viatu vya Wanja.

Wanja alimweleza kwa upole kwamba, kwa vile watu wote walikuwa wamekusanyika na mikono ilikuwa michafu tayari, walifanya mkutano. Mwenyekiti mpya ni yeye Wanja, kwa pendekezo la Mwangangi wa chumba cha juu.

Boaz aliipata bolti, akaiingiza tunduni.

"Nani aliunga mkono?" aliuliza.

"Mama Atieno."

Mama Atieno ni Maxine, mke wa Boaz. Alikuja baadaye, akachuchumaa kando ya gurudumu na kumwambia amechoka kuomba ruhusa ya kuanika shuka. Boaz akafikiria majibu kadhaa, yote ya kikatiba, kisha akamwomba ampe spana iliyo karibu na mguu wake. Akampa.

Jioni aliteremsha jeki, akakaza bolti za mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake, akaliwasha. Alikwenda hadi lami na kurudi, akiyafuata mashimo makusudi. Halikugonga hata mara moja. Furaha ilimjaa kifuani, lakini getini hapakuwa na mtu wa kumwambia, hivyo akamwita Maxine. Maxine alivua aprini, akapanda, wakazunguka mtaa mzima madirisha yakiwa wazi. Pikapu ilivuta kushoto njia nzima, maana bado ilihitaji kunyooshwa magurudumu, na Boaz aliushika usukani kwa mikono miwili kana kwamba ndivyo ilivyotengenezwa.