Filamu za Nyuma ya Pazia

Mama yangu na mume wangu hawajawahi kutazamana usoni, lakini sijui watu wengine wawili katika Manika nzima, mtaa wetu hapa Kolwezi, wanaobishana juu ya filamu kama wao. Na kila neno la ubishi huo linapitia kwangu. Naitwa Noëlla, na tangu mtoto wetu Abigaël azaliwe nimekuwa redio ya nyumba hii.

Mama, ambaye watu humwita mama Tshilombo, alikuja kutoka Sandoa kunisaidia kulea. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukwepana. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na mwanamume haruhusiwi kabisa kumpita mama mkwe kwa karibu kama anavyompita mtu yeyote sokoni. Wakikutana njiani, mwanamume ndiye anayeacha njia na kuingia majanini. Huko Sandoa majani ni mengi. Sisi tuna nyumba ya vyumba vitatu, mlango mmoja, na uwanja ambao ukitandika mkeka umekwisha.

Basi tulipanga hivi. Mama alale chumba kidogo na mtoto, chumba chenye pazia badala ya mlango. Kalenga, mume wangu, akirudi kutoka kwenye mashimo anakochimba madini, akohoe pale kwenye uzio ili mama apate muda wa kujificha. Mpango ulikwenda vizuri mpaka jioni moja Kalenga aliporudi na filamu mpya kwenye klé yake, kile kidude cha kuchomeka nyuma ya televisheni. Kwa furaha akasahau kukohoa. Akamkuta mama amejikalia katikati ya sebule, kwenye kiti chake Kalenga, anatazama televisheni. Kalenga akarudi kinyumenyume hadi akaketi ndani ya beseni la sombe, majani ya muhogo niliyokuwa nimetoka kuyaosha. Mama akajifunika kitenge kichwani, akakimbilia chumbani, akajigonga ukutani kwa sababu haoni anakokwenda. Mimi nilicheka mpaka mtoto akaamka. Wao hawakucheka. Kesho yake bado walikuwa wananinunia, kila mtu chumbani kwake.

Ndipo nilipojua kwamba mama anapenda filamu. Nikamhurumia, maana kila jioni alikuwa anasikia ngumi na vilio bila kuona nani anampiga nani. Nikatundika kioo ukutani mwa chumba kidogo, nikakigeuzageuza mpaka, akiketi kitandani na pazia likiachwa wazi kidogo, anaona televisheni yote na haoni kiti cha Kalenga. Maandishi yalimjia kinyume, lakini mama hasomi Kifaransa hata kikiwa kimenyooka.

Maoni yakaanza jioni ya kwanza. Tulitazama filamu ya Kinijeria, ya mtoto wa mfalme aliyempenda muuza maji. Ilipokwisha, Kalenga akasema ni nzuri ila ndefu. Huwa hasemi zaidi ya hapo: filamu kwake ni nzuri, au ndefu, au bure. Mama akaniita kutoka nyuma ya pazia, akasema yule mfalme hana adabu, anawafokea wageni wakiwa wamesimama, hajawapa hata kiti. Nikamrudishia Kalenga maneno hayo. Kalenga akafikiri, akasema kweli, hata yeye jambo lile lilimchoma. Nikamrudishia mama. Nilimsikia akisogea kitandani kwa raha.

Ya pili ilikuwa ya Wachina wanaopigana juu ya mapaa, na jamaa wa video alikuwa ametia sauti yake ya Kiswahili, akawapa wale wapiganaji majina ya watu wa Kolwezi. Hiyo mama aliipenda kupita kiasi. Alitaka tu kujua ni nani anayefua zile nguo nyeupe, maana watu wanaanguka kwenye matope na kesho wako safi. Kalenga akakubali kwamba filamu haikusema.

Mtu atauliza kwa nini nilikuwa narudia, na pazia ni kitambaa tu. Ni kweli, kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa. Lakini heshima ni heshima. Mama alisema na mimi, mimi nikasema na Kalenga, Kalenga akajibu akiniangalia mimi, nami nikageuka kulisemesha pazia. Nikinyamaza, mazungumzo yanakatika, na mama anakohoa kunikumbusha. Nilikuwa natafuna bukari, ugali wetu, huku natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Kuna jioni niliwaambia wote wawili kwamba nimechoka, watafute redio nyingine. Kalenga akatazama dari. Mama akasema na mtoto, akamwambia mama yake ana hasira za bure.

Mvua zilipokuwa kubwa, Kalenga akaleta filamu ya mzamiaji. Ni mtu anayeshuka baharini kutafuta mali katika meli iliyozama. Kwanza tunamwona mkewe akimfunga kamba kiunoni. Anashuka, anapanda na mali kidogo, anashuka tena, anapanda, na kila safari anakwenda chini zaidi. Mwishoni kamba inakuja juu peke yake, na watu wa chomboni wanavua kofia.

Nilingoja Kalenga aseme ni nzuri au ni ndefu. Akasema yule ndiye mwanamume. Akasema wengine wote mle ndani ni watu wa kupiga kelele tu, yule peke yake alijua kazi yake. Nikalirudishia pazia. Mama, ambaye humwita mkwe wake bukwe, akasema:

"Noëlla, umuulize bukwe: bibi ya ule mwanaume eko wapi? Balimuonyesha ku mwanzo, anafunga kamba. Kisha balimusahau."

Nikamuuliza Kalenga. Akajibu:

"Film haiko ya bibi. Iko ya mwanaume mwenye roho. Makosa ni ya bale ba kule yulu, balichelewa kuvuta."

Hapo angenyamaza, kama kawaida yake. Hakunyamaza. Akaeleza kwamba mtu akishuka na watu anaowajua, watu wasiochelewa, hapatwi na lolote. Akaeleza kwamba mali ikionekana haingoji, usipoichukua wewe ataichukua mwingine. Akaongea hivyo mpaka chakula chake kikapoa, na bahari ilikuwa imekwisha kutoka katika maneno yake. Kisha akatoka kwenda kuoga.

Mama akaniita, safari hii kwa sauti ndogo, akaniuliza mume wangu anataka kuingia wapi. Nikamwambia sijui. Nilikuwa sijui kweli, na niliogopa.

Kesho yake alipopita Samy, mwenzake Kalenga wa kazi, nilimuuliza waziwazi. Samy hawezi kuficha kitu, hata siri yake mwenyewe ataitoa. Akanieleza kwamba kuna shimo la zamani, wachimbaji wengine wameliacha kwa sababu ya mvua, na chini yake kuna mshipa mzuri mno. Watashuka, kisha watachimba kwenda pembeni, kama watu wanaotambaa. Mbao za kushikilia udongo hawataweka, maana mbao zinachukua muda na wengine wanaweza kuwawahi. Kalenga atatangulia kwa kuwa ni mwembamba. Wangeanza asubuhi inayofuata. Samy aliyasema haya akimchekesha mtoto.

Kalenga aliporudi nilimwambia asiende. Nikamwambia udongo umelowa, nikamwambia ana mtoto wa kunyonya, nikalia. Alinisikiliza kwa upole. Kisha akanikumbusha kwamba maneno hayo hayo nilimwambia juu ya shimo la mwaka jana, na la kabla yake, na lile la karibu na barabara ambalo kina chake hakikumpita mtu kiunoni. Hakusema uongo. Nilikuwa nimemkataza kila shimo, na neno langu lilikuwa limechakaa kwa kutumiwa. Nilijikasirikia kuliko nilivyomkasirikia yeye.

Mama alikuwa nyuma ya pazia, amesikia yote. Nilingoja aseme kitu kizito, kitu cha mzazi. Akasema tuweke filamu ya kuchekesha. Tukaiweka, na hakuna aliyecheka.

Asubuhi nilikuwa bado kitandani nikasikia Kalenga anakohoa sebuleni. Nikafikiri ni mafua. Akakohoa tena, kwa nguvu, kikohozi kile cha kwenye uzio. Nikaamka.

Alikuwa amesimama katikati ya sebule, buti miguuni, taa ya kichwani imefungwa. Mbele yake, kwenye mlango, mlango wetu ule mmoja, mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, ametugeuzia mgongo, mtoto amefungwa mgongoni. Alikuwa amenyoosha miguu kizingitini na beseni la maharage amelipakata, anachagua mawe. Madirisha yetu yote yana vyuma. Ili kutoka ilimlazimu Kalenga amruke mama mkwe wake, au amguse bega. Hata mlevi wa kwetu hafanyi hivyo.

Nje, kwenye uzio, Samy alikuwa anamwita. Samy anatoka mbali, mambo yetu hayajui, akasema ampite tu, ni mama mzee huyo, hana neno. Kalenga akaniangalia mimi.

"Mama Abi, umuambie mama anipe njia."

Sikutaka kusema. Lakini miezi yote ile nilikuwa nimerudia upuuzi wa wafalme na Wachina, ningewezaje kukataa neno hilo? Nikasema, "Mama, tata Abi anaomba njia." Mama akatupa jiwe uwanjani, akaendelea kuchagua.

"Umuambie bukwe anipite," akasema.

Nikamwambia. Kalenga alisimama pale muda mrefu. Nilimwona anatazama kisogo cha mtoto, kisha juu, kisha buti zake. Jasho lilimtoka na asubuhi ilikuwa ya baridi. Samy akaita tena, akaita kwa hasira, kisha akaenda zake na wengine. Kalenga akaketi kwenye kiti chake akiwa na taa kichwani, akawasha televisheni. Wachina wakapigana kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na hakuna aliyetoa maoni.

Kama hii ingekuwa filamu, shimo lingeanguka siku ile ile, na Kalenga angepiga magoti mbele ya mama huku muziki unalia. Shimo halikuanguka. Samy na wenzake walitoa mali nzuri, wakaja kupita mbele ya nyumba yetu na mashati mapya, wakimuuliza Kalenga kama mama mkwe amemruhusu kwenda msalani. Kalenga akakasirika na mimi, kwa kuwa hawezi kumkasirikia mama. Nami nikaona aibu kwa ajili yake, tena kuna siku nilimwambia mama labda tumekosea. Mama akanijibu nimpe maharage mengine, yale yamekwisha. Kila asubuhi aliamka kabla ya Kalenga, akaweka kigoda chake pale pale, na Kalenga alipojaribu kumwahi alimkuta ameshaketi, kumbe alikuwa halali sawasawa.

Mwishoni mvua ya usiku mzima ikalijaza lile shimo maji mpaka mdomoni. Hapakuwa na mtu ndani. Kazi ikaishia hapo, na hakuna aliyeweza kusema nani alikuwa na haki. Kalenga akatafuta kundi lingine, watu wazima, watu wanaoweka mbao hata wakichekwa. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya kwenda huko alinieleza habari za mbao hizo kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika. Kulipokucha mlango ulikuwa mtupu. Mama alikuwa chumbani anamwimbia mtoto.

Filamu zikarudi, na ubishi ukarudi, kwanza kidogokidogo. Walikosana juu ya polisi mmoja wa Kinijeria ambaye mama alimwona mwongo tangu alipoingia, kwa jinsi anavyokula. Kalenga alimtetea mpaka mwisho, na mwisho ukamwaibisha. Alicheka, ikawa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu siku ile.

Jumamosi iliyopita Kalenga akaja na kitenge kipya, kizuri, cha rangi ya manjano. Nikafikiri ni changu. Akaniwekea mikononi kwa heshima, nikaelewa. Kwetu mwanamume akitaka kuondoa ule ukuta, humpelekea mama mkwe zawadi, na akishaipokea wanaweza kusalimiana na kuketi pamoja kama watu wengine. Kalenga akaniambia nimwambie mama atoke aje kutazama filamu sebuleni, na kiti kile atakikalia mama, yeye Kalenga atachukua kigoda. Nilifurahi mno. Niliona mwisho wa kazi yangu ya redio, nikaona nitakula bukari yangu ikiwa ya moto.

Nikaingia nyuma ya pazia. Mama akakipokea kitenge, akakifungua, akakipitisha kwenye shavu lake. Macho yake yalilowa. Alikitazama kwa muda, akakikunja upya vizuri kuliko kilivyokunjwa dukani, akaniwekea mikononi.

"Umurudishie," akasema. "Umuambie iko muzuri sana. Lakini nikitoka humu, tukizoeleana, siku ingine nikiikala ku mulango, atanipita."

Nikatoka nacho. Kalenga alikuwa amesikia kila kitu, nilimwona anatazama sakafu, lakini nilirudia neno kwa neno, polepole, bila kuruka hata moja. Kalenga akainua uso akaniangalia mimi, kama inavyotakiwa.

"Umuambie mama abakie mule," akasema.