Siku Shangazi Aliposhindwa kwa Kura

Ushirika wa mafundi cherehani ulikuwa unazeeka pamoja na wenyewe. Karibu wote walishavaa miwani, na wengine waliomba watungiwe uzi kwenye sindano. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye msimamo na ulimi mwepesi, aliona wazi kwamba wasipopata damu changa, cherehani zile zitabaki mapambo.

Akaandaa mafunzo ya vijana. Mara ya kwanza ukumbi ulijaa. Aliwasimulia historia ya ushirika tangu mwanzo, akawasomea katiba kifungu kwa kifungu, na soda zilipokwisha, vijana nao wakaisha. Mara ya pili walikuja wachache wa kuhesabika, mmoja wao binti wa kaka yake, ambaye aliishi kwake na asingeweza kukataa.

Binti huyo walimwita Kwanini, maana tangu ajue kusema hajaacha kuuliza. Siku hiyo aliuliza kama kijana akijiunga atapiga kura. Shangazi yake akajibu kuwa kwanza atakaa asikilize wakubwa, mpaka akomae.

"Kumbe mnatuita tuje kuwasikiliza," Kwanini alisema kwa upole. "Hiyo hata nyumbani ninayo, shangazi."

Wenzake walicheka. Shangazi hakucheka, lakini neno lile lilimkaa rohoni. Alikanyaga cherehani yake huku akilitafakari, akaishia kupeleka kwa wanachama hoja kwamba vijana wapige kura. Mzee Kaptula, aliyepata jina hilo kwa kushona kaptula za shule tangu ujana wake, alipinga, akisema watoto watawauza. Shangazi akazunguka nyumba hadi nyumba akibembeleza, hadi mkutano ukakibadilisha kifungu cha kura. Kijana atakayejiunga atakuwa na kura sawa na ya mwenyekiti.

Safari hii vijana walikuja na wakabaki. Waliharibu kola, walivunja sindano, wakafundishwa upya. Haukupita muda mrefu wakaleta hoja yao: ushirika ufungue sehemu ya kurekebisha nguo zilizochakaa, tena iwe chumba cha mbele, dirishani, wapita njia waione.

Shangazi alihisi kama kachomwa sindano. Pale dirishani ndipo cherehani yake ilipokaa tangu ushirika uanze. Tena viraka! Kwenye mkutano alisema wao ni mafundi wa nguo mpya, si wa matambara. Kwanini akasimama baada yake. Alisema watu mtaani wanatupa nguo nzuri kwa kukosa pa kuzipeleka, na kwamba msimu wa sare ukiisha mafundi wenyewe hukaa wakipiga miayo.

Mikono ikanyooshwa. Vijana wote walikuwa upande mmoja, hilo lilitarajiwa. Kisha Mzee Kaptula naye akanyoosha wake taratibu, akitazama ukutani. Hoja ikapita. Shangazi aliyatangaza matokeo mwenyewe, bila kukosea neno.

Kesho yake alianza kuisukuma cherehani yake kuelekea chumba cha nyuma. Kwanini akaja kushika upande wa pili. Waliibeba pamoja hadi ndani.

Jioni, wakila, Kwanini alishindwa kuvumilia. "Shangazi, umenikasirikia?"

"Nimekasirika, ndiyo. Nimehangaika mlango kwa mlango kukutafutia kura, halafu ya kwanza tu unanipinga mimi." Akanywa maji, akaweka kikombe chini. "Ila ulisimama vizuri. Mimi kwa umri wako nisingethubutu."

"Nilitaka kukaa ulipoanza kunitazama."

"Ungekaa ndipo ningekasirika kweli. Mwakani nitaomba nirudishwe pale dirishani. Jiandae."

"Nitakupinga tena, shangazi."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia ujiandae."

Kwanini akacheka, na shangazi yake, aliyekuwa amejikaza tangu asubuhi, naye akashindwa kujizuia.

Makoti na suruali zikaanza kuletwa chumba cha mbele, na mafundi wakawa na kazi hata shule zilipofungwa. Kule nyuma Shangazi alinunua taa, akalalamikia macho kwa yeyote aliyekuwa tayari kumsikiliza. Mwaka uliofuata aliomba dirisha lake kweli, mbele ya wote. Alishindwa tena, safari hii kwa kura moja, na wiki nzima alikuwa akipeleleza ni ya nani.