Kipimo cha Mikono Yake

Nilikuwa nimepiga magoti ukingoni mwa barabara, nalainisha saruji ya mteremko wa tatu kwa mwiko, mke wangu alipofika na kiti chake cha magurudumu. Alikuwa amekuja kwa kuambaa barabara, magari yakimpigia honi.

"Baba Watoto, ule wa kwanza umekauka?"

"Tangu juzi. Hata lori linapanda."

Jumatatu angerudi kazini, kwenye karakana ya uchapaji alikoshona majalada miaka tisa kabla miguu haijamgomea. Si mbali, ila njiani kuna kingo nne, kila mmoja shubiri nzima kwenda juu. Halmashauri ilinipa kibali cha kujenga mteremko kwenye kila ukingo; mchanga nikatafuta mwenyewe. Mimi ni fundi viatu. Saruji nimejifunza kwa kuiharibu.

Tulirudi kwenye mteremko wa kwanza. Akashika magurudumu, akajisukuma. Alifika katikati, kiti kikarudi nyuma. Nikanyoosha mkono.

"Toa mkono wako."

Alijaribu tena, na tena. Mishipa ya shingo ilimsimama, kiti kikateremka vilevile.

"Ulipimaje?" aliuliza akihema.

"Nilipakia mfuko wa saruji kwenye kiti, nikausukuma. Ulipanda bila shida."

"Basi huu ni wa mfuko wa saruji. Mfuko una mtu wa kuusukuma. Mimi nataka kwenda peke yangu."

Jirani yetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa akiosha gari lake ng'ambo. Akacheka. "Shemeji, mnajitesa na tope na gari lipo! Jumatatu nitakupeleka."

"Gari lako linaamka saa ngapi?"

"Saa tatu, nikishakunywa chai."

"Mimi naingia saa mbili. Kunywa chai yako taratibu, shemeji."

Nilimwomba mwalimu ubao mrefu, nikaulaza chini, nikainua ncha moja kwa vipande vya mbao. Kila alipoupanda, niliongeza kipande. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne alikipanda huku ameuma meno, akafika juu, akageuza kiti mwenyewe. Wapita njia wawili walisimama kutazama. Nilitamani waniulize huyu ni mke wa nani.

Cha tano kilimshinda. Tukakiondoa.

Mwalimu alikuja na mikono yenye povu, akapiga hesabu kwa kijiti mchangani. Mteremko ulitakiwa kuwa mrefu mara mbili ya ule niliojenga.

"Miwili ivunjwe, basi," nilisema, "na ule mbichi niuzoe."

"Unaniuliza au unaniambia?"

"Nakuambia."

Akachukua chaki yangu, akainama kitini, akachora mstari wa pa kuanzia mteremko mpya, mbali kuliko nilivyodhani.

Nilizoa saruji mbichi kwa koleo, nikaupiga nyundo mteremko wa kwanza mpaka nusu yake ikapasuka. Wa pili niliuachia kesho, giza lilikuwa linaingia. Nikafunika mifuko kwa turubai, yeye akashika pembe moja ya turubai nami nyingine.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi," alisema. "Mimi ndiye nitakayepima."